Jiwe la Kiunoni

Enzi zetu mtoto alijua kunyamaza. Wenzangu mliosoma milimani miaka ile baada ya Azimio la Arusha mnanielewa: ulichapwa shuleni, ukarudi nyumbani umefumba mdomo, maana ukisema unaongezewa. Wajukuu zetu hawana siri. Wakila chipsi, dunia nzima ijulishwe; wakiumwa jino, wapige picha. Nilikuwa nawacheka sana. Tangu Pasaka iliyopita nimeacha.

Kwetu ni juu ya Lushoto, na shule yetu ilikuwa ng'ambo. Njia ilipita juu ya mgongo wa mlima tuliouita Mgongo wa Mbuzi, kwa kuwa ulikuwa mwembamba na mawe yameutoka kama mifupa ya mbuzi mwenye njaa. Kushoto ukiangalia chini unaona mabati ya kanisa, madogo kabisa. Kulia ni korongo. Udongo wa njia ulikuwa unameguka kama kiporo cha ugali, na mahali pembamba kuliko pote, pa kuweka miguu miwili tu, tulipaita Kiunoni. Hapo wazee wa zamani walikuwa wamelaza jiwe pana la kukanyagia. Lilikuwa na mstari mwekundu katikati, na nyayo za watu zilikuwa zimelichimba kidogo, likakaa kama sahani.

Msidhani tuliogopa. Tulipita pale kila siku tukicheka. Mama alinifungia kiazi kitamu cha moto kwenye jani la mgomba, nakiweka kwapani chini ya sweta, kinanipasha joto mpaka shuleni ndipo nakila. Msimu wa plamsi midomo yetu ilikuwa myekundu na matumbo yanauma, na bado tunapanda mti mwingine. Tulikuwa watatu: mimi, Rebeka mtoto wa jirani, na Samweli ambaye alikuwa mdogo wetu kwa mwaka mmoja na mpelelezi wa mwalimu. Ukungu ukiwa mzito tulitembea kwa mkia. Anayeongoza anajifunga shuka mabegani, wa pili anashika ncha ya shuka lile, wa tatu anashika sweta la wa pili. Kuongoza kulikuwa kwa zamu, na aliyeongoza alijiona rais.

Ndipo likaja jambo la mawe. Taifa lilikuwa linajijenga, nasi shuleni tulikuwa tunajenga darasa jipya kwa mikono yetu. Kila mwanafunzi alete jiwe moja kila asubuhi. Mwalimu mmoja, kijana aliyetoka Tanga mjini, alisimama mstarini na viatu vyake vya ngozi, anaweka kiatu juu ya jiwe lako. Jiwe likiwa dogo kuliko kiatu, fimbo mbili na unarudi kutafuta jingine. Sisi tuliokuwa pekupeku tulikijua kiatu kile kuliko tulivyozijua sura za wazazi wetu.

Mawe ya mtoni yakaisha. Watoto wakaanza kuchokonoa mawe ya kwenye Mgongo, moja moja, yale ya pembeni. Baba akanionya: "Ukiona jiwe limekaa njiani, limewekwa na mtu. Usiliguse." Nikasema ndiyo baba.

Alhamisi moja nilibaki nyuma ya wenzangu wakati wa kurudi. Asubuhi ile nilikuwa nimechapwa kwa sababu ya jiwe dogo, mapaja yananiwaka, na sikuwa na jiwe la kesho. Nilipofika Kiunoni nikaliangalia jiwe lile. Nilijua kabisa lingekizidi kiatu. Nikalichokonoa kwa kijiti, likatoka kirahisi kuliko nilivyotegemea, nikalibeba kurudi nalo upande wa shule na kulificha vichakani. Halafu, mkiniona mjinga mko sawa, nikajaza shimo kwa udongo, nikatandaza majani juu, nikapigapiga kwa viganja mpaka pakawa pazuri. Nikapakanyaga mimi mwenyewe kujaribu. Pakanibeba. Nikaenda nyumbani nikala makande nikalala.

Usiku huo mvua ilinyesha.

Asubuhi ukungu ulikuwa mzito, na zamu ilikuwa ya Rebeka. Akajifunga shuka lake, akajitwika jiwe lake kichwani, nami nikashika ncha. Samweli alikuwa nyuma yangu. Tulipokaribia Kiunoni nilitaka kusema. Nataka mjue hivyo, nilitaka. Maneno yalikuwa mdomoni: Rebeka, ngoja, jiwe halipo. Lakini Samweli angesikia, na Samweli akisikia mwalimu amesikia, na mapaja yangu yalikuwa bado yanawaka. Nikajiambia nilipakanyaga jana na pakanibeba.

Rebeka alikuwa anasimulia habari ya kuku wao aliyetaga jikoni. Hakumaliza. Sikusikia kelele, nilisikia mawe tu yakiteremka, kwa muda mrefu. Mimi nilibaki nimesimama, shuka likiwa mkononi mwangu.

Wanaume walimtoa korongoni saa sita mchana. Tulikuwa na miaka kumi. Watu wazima walisema mlima umemeguka kwa sababu ya mvua, mchungaji akasema tumwachie Mungu, na mimi nililirudisha shuka kwa mama yake nikiwa nimelikunja vizuri. Mama Rebeka alinikumbatia akaniambia, "Pole mwanangu, umepoteza ndugu." Nikanyamaza. Nilikuwa nimelelewa vizuri.

Mawe yalisimamishwa kwa wiki moja. Yalipoanza tena sikuwa na jingine, nikalitoa lile kichakani nikalipeleka. Mwalimu akaweka kiatu, akasema, "Haya ndiyo mawe." Fundi akalipenda, akalifanya la kukanyagia mlangoni. Darasa lilipofunguliwa wazazi waliitwa kwenye msaragambo, kazi ya pamoja ya kusafisha uwanja. Nilimwona Mama Rebeka amesimama pale mlangoni na fagio, ameinamisha kichwa, muda mrefu. Kisha akalivuka bila kulikanyaga. Nikadhani amechoka.

Nikakua, nikaolewa hapohapo kijijini, nikazaa, nikazika. Samweli alihamia Muheza na hatukuonana tena. Mama Rebeka hakupata mtoto mwingine, na jina hilo hakuna aliyemwondolea. Tumekaa benchi moja kanisani zaidi ya miaka hamsini. Nilimchotea maji, nilimpalilia, watu walinisifu kuwa nina moyo wa dhahabu.

Pasaka iliyopita mjukuu wangu alikuja kutoka Dar es Salaam na wenzake. Siku hizi vijana wanapanda milima kwa raha zao, na viatu maalumu na chupa za maji, wanamlipa mtu awaongoze mahali ambapo sisi tulichapwa ili tufike. Jioni akaniletea simu. "Bibi, nione!" Pichani alikuwa amesimama Kiunoni, mikono ameitanua, anacheka, mguu mmoja juu. Chini yake korongo lilelile. Nilimpokonya simu nikaitupa kitandani. Akaniuliza kuna nini. Nikasema mwanga wake unaniumiza macho.

Kesho yake nikaenda kwa Mama Rebeka. Amepita themanini, lakini macho anayo. Alikuwa kwenye kigoda uani, anachambua maharage. "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu, keti." Sikuketi. Nilimwambia yote nikiwa nimesimama kama mtoto mstarini: jiwe, udongo, majani, na kwamba nilitaka kusema.

Mikono yake haikuacha maharage.

"Jiwe nililiona siku ile ya msaragambo," akasema. "Nilipita juu yake tangu nilipoolewa hapa, ningelisahauje? Nikajua ni mtoto wa shule. Sikuuliza ni nani. Mlikuwa mnakuja wote kuniletea kuni. Nikaona nisijue, nisije nikamkosa na huyo."

Nikapiga magoti, nikamwomba anisamehe. Akatupa kokoto moja kando.

"Ungeniambia siku zile ningekuchukia, ningelia, ningemaliza. Sasa ndiyo naanza, mwanangu. Kwa umri huu sitamaliza."

Akasema mvua inakuja, niende nyumbani.

Siku hizi kuna barabara, watoto wanapelekwa shule kwa bodaboda, na darasa letu la mawe limegeuzwa stoo. Pea na plamsi bado zipo, ingawa sioni utamu wake wa zamani. Mjukuu wangu ananipigia kila Jumapili kunieleza mambo yake yote, mpaka ya aibu, na mimi siku hizi simkatizi. Nasema, endelea, nakusikiliza.

Kwa Mama Rebeka nimerudi mara tatu. Mara zote nimekuta mlango umefungwa kwa ndani, na moshi unatoka jikoni.