Garimoshi la Bati na Mvi Zangu

Wapo watakaosema nimetunga. Waseme. Mvi hizi sikuzinunua dukani. Nilizipata mchana mmoja, jua likiwaka, nikiwa kijana ambaye hata ndevu hazijajaa.

Enzi hizo za Mwingereza nilikuwa fundi baiskeli Kiomboi. Baiskeli zilinilisha, lakini kilichonifurahisha ni vigarimoshi vya kuchezea, vile vya bati vinavyotembea kwa kujazwa ufunguo. Wazungu waliohama waliviacha vimeharibika, nami nikavikusanya. Nilikuwa navyo vitatu, vya tangu enzi ya Mjerumani. Kutu niliitoa kwa mafuta ya taa, meno yaliyokatika niliyachonga upya kwa tupa, bati lililooza nililiziba kwa mkebe wa chai. Iramba nzima hakukuwa na mwingine wa kuiweza kazi hiyo. Mzee mmoja wa Ulemo, baba wa mchumba wangu Rebeka, alinikuta nikijaribu kimoja akaniuliza kama anamwoza binti yake kwa mwanaume au kwa mtoto. Nikacheka. Mahari ilishapokelewa, harusi ilibaki wiki mbili, na Rebeka nilimpenda kuliko vigarimoshi vyote.

Basi, siku hiyo akaja mzee nisiyemjua. Kichwa cheupe pe, mgongo umepinda. Ndio mwaka reli ya Kinyangiri ilipokuwa inang'olewa, nikadhani ametoka kwenye kazi hiyo. Kabla sijafungua kinywa, akasema:

"Shikamoo, baba."

Wewe ungefanyaje? Kwetu mdogo ndiye huanza. Nilipaswa kukataa, nimwambie mimi ni mwanao, shikamoo ni yangu. Lakini mkononi alishika kigarimoshi ambacho sijapata kuona kizuri kama hicho, na macho yangu yalikuwa huko.

"Marahaba," nikasema.

Akatabasamu, akakiweka mezani, akaketi kwenye benchi.

Springi ilikuwa imechomoka kwenye ndoano yake. Kazi hiyo huinui kichwa, maana springi ikikuponyoka inakata kidole. Niliinama mpaka jua likaelekea magharibi. Nikaifunga, nikajaza ufunguo, magurudumu yakazunguka bila kukwaruza. Amini usiamini, niliona raha kama mtu aliyeshiba.

"Tayari, mzee," nikasema, nikainua kichwa.

Kwenye benchi aliketi kijana wa rika langu, nywele nyeusi tii, amevaa nguo zilezile za mzee, na kiraka kilekile begani. Akapokea kigarimoshi kwa mikono miwili.

"Asante, baba," akasema, akatoka akikaza mwendo.

Nilipoinuka kumfuata, mgongo ukagoma. Nikainamia beseni ninawe mikono, na humo majini nikaona kichwa cheupe pe. Mimi si mwoga, lakini hapo niliogopa mpaka nikakaa chini. Nilimwaza Rebeka tu. Nani atamwoza binti yake kwa babu?

Siku ya tatu baba yake Rebeka akaja kupanga mambo ya harusi. Akasimama mlangoni, akaona mvi na mgongo uliopinda. Akavua kofia.

"Shikamoo, mzee."

Nikaelewa. Nikiitikia nimekuwa mkubwa wake, na hakuna anayemwoza binti kwa mtu anayemwamkia. Nikafunga mdomo. Kunyamazia shikamoo ni tusi, akakunja uso. Ndipo nikapiga magoti juu ya vyuma chakavu.

"Shikamoo, baba. Ni mimi, mkweo."

Akakitazama kichwa changu muda mrefu. Ningekuwa yeye ningekimbia. Lakini mtu aliyelelewa vizuri, adabu humtoka mdomoni kabla ya hofu.

"Marahaba," akasema.

Hapo nikajua Rebeka ni wangu, na siku ileile tuliyopanga nilimwoa. Mvi zilibaki. Sokoni watu humsifu Rebeka kwa kumtunza baba yake, naye hucheka mpaka anashika ubavu. Mgongo wangu ulinyooka jioni ya siku ile aliyoniitikia baba yake. Mkwe wangu ndiye aliyeanza kulalamika mgongo, akatembea na fimbo mpaka kufa kwake. Hilo sijamwambia Rebeka, na linaniuma.

Kwa hiyo sikiliza. Mwenye mvi nyingi kuliko zako akikuwahi na shikamoo, usiitikie, hata akikununia. Na ukipita Kiomboi ukiwa kijana, ukanikuta nimeinamia vigarimoshi vyangu, niamkie wewe kwanza, tena upesi. Siku hizi mgongo umeanza kuuma tena, na shikamoo huwa inanifika mdomoni.