Mengine ni ya Mbuzi

Siku ile naikumbuka kwa pua, mwanangu, maana tikiti likioza juani linanuka kama pombe iliyosahauliwa mtungini. Nilikuwa msichana wa miaka kumi na tisa, nimekaa kando ya barabara hapa Ihanja na lundo langu, siku ya tatu, na kila lori lililopita lilikuwa limeshajaa mali ya kwingine.

Nina hasira, nisikufiche. Jana nilikuwa nyuma ya nyumba napeta uwele, nikakusikia. Yule binti wa kikundi cha wakulima alikuja na simu yake, akakuuliza kwa adabu una mistari mingapi ya matikiti na yataiva lini. Ukamjibu, "Aa, dada, machache tu, ya watoto." Ya watoto! Mistari arobaini! Alipoondoka ukacheka na mwenzako. Cheka. Mimi nami nilicheka hivyo hivyo.

Enzi zetu hapakuwa na simu, kulikuwa na kibuyu cha Mzee Ntandu. Alikuwa mdogo wake babu yangu, mfupi, mkali kama pilipili kichaa. Matikiti yakianza kutambaa, alizunguka nyumba kwa nyumba: kwa kila mstari uliopanda, unatia harage moja kibuyuni. Mimi niliishia darasa la pili, nikatolewa nikachunge ndama, lakini hesabu hiyo hata ndama angeielewa. Akishamaliza anayamwaga, anahesabu, anapeleka habari mjini kwa wenye malori: njooni wawili, au njooni watano. Maharage yakizidi, asiyepanda bado anaambiwa, wewe mwaka huu acha matikiti, weka vitunguu.

Sasa kwetu, unajua, mazao machanga hayatajwi mbele ya watu. Ukitaja unaita jicho. Ndivyo tulivyosema. Lakini jicho lilikuwa kisingizio tu. Mimi sikutaka jirani ajue nina mengi. Nilikuwa na mistari ishirini. Nikatia maharage matatu.

Kumbe kila nyumba ilitia matatu yake.

Mzee akaita lori moja. Moja, mwanangu! Lilijaa kabla jua halijafika utosini, likaondoka. Mimi nilikuwa nimemwahidi mama mabati ya kuezekea jiko lake, maana mvua ilimnyeshea akisonga ugali.

Siku hiyo ya tatu Mzee Ntandu akaja na kibuyu chake, na mbuzi wake nyuma.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Nyoosha mkono." Akanitilia maharage matatu kiganjani. "Haya ni ya nani?"

"Ni yangu, babu."

"Na lundo hili?"

"Nalo langu."

"Mwongo! Yako ulishayataja. Mengine ni ya mbuzi."

Akawapigia mluzi. Walikula mbele yangu, maji mekundu yakiwatiririka midevuni, na wanawake waliokuwa wakipita wakacheka mpaka wakashika mbavu, wakati nao malundo yao yanaoza kwao! Mama akasonga ugali mvuani mwaka mwingine mzima. Ningefurahi angenipiga.

Basi nisikilize. Unamficha nani? Dalali anapita na pikipiki, mashamba yote ameshayahesabu, yako na ya jirani yako. Anajua tutavuna wiki moja sote, ndiyo maana anakuja anatabasamu na bei yake ya dharau. Asiyejua ni wewe peke yako! Mficha uchi hazai, na mficha shamba hauzi. Yule binti haulizi kwa umbea. Anataka kukwambia nani avune mapema, nani asubiri, nani apande kingine. Akipewa uongo atatoa uongo, halafu mtamtukana yeye.

Kesho atapita tena. Utamwambia mistari arobaini, mbele ya mwenzako yule yule uliyecheka naye, na umwombe radhi. Mimi nitakuwa mlangoni na uwele wangu, nasikiliza. Mbuzi ninao.

Haya, njoo nikuwekee mkono kichwani, hasira yangu ni ya mzazi. Mungu akupe mvua ya kutosha na ulimi usiojikunja. Lori likukute na tikiti lenye umande, na mkeo asisonge ugali akinyeshewa.