Daktari Aliyeandika Salamu

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa kitambaa cha kupangusia vumbi na ufunguo wa chumba kisichokuwa na dirisha. Ilikuwa hospitali moja ya Malindi, jina lake niacheni nalo, na wengi tuliokuwa nao wametangulia mbele ya haki. Karani Mkuu wa Kumbukumbu, mzee wa miwani mizito aliyevaa tai hata mwezi wa pili joto linapochoma, alinionyesha rafu zilizojaa majalada hadi darini, akaniuliza kama najua kuhesabu. Nikamwambia najua.

"Basi usije siku moja ukaniambia faili limepotea," akasema. "Faili ni shahidi wa mgonjwa. Shahidi akipotea, mgonjwa kaugua mara mbili."

Nyinyi mliokuta kompyuta mtaona ni mchezo, lakini ilikuwa kazi. Kila mgonjwa alikuwa na namba yake, na ndani ya jalada lake kulikuwa na karatasi ya kulazwa, maelezo ya daktari ya kila siku, majibu ya maabara na bahasha ya kahawia ya picha za eksirei. Mwisho kabisa uliwekwa muhtasari wa kuruhusiwa, yaani ule ukurasa mmoja ambao daktari hueleza mtu aliingia na nini, katibiwa vipi na anatoka na nini. Nakala yake hupewa mgonjwa aende nayo nyumbani. Nimewahi kuuona ukurasa huo umefungiwa mahamri. Mwenyewe akaja miaka mitatu baadaye kuutafuta analia.

Nilikaa chumba kile mpaka nikakijua gizani. Kisha nikasomeshwa kidogo, nikahamishiwa Kilifi, hospitali nyengine, idara ya ustawi wa jamii. Huko kazi yangu ilikuwa kuwasaidia watu kukusanya ushahidi wa kitabibu. Mtu akitaka kutambuliwa rasmi kuwa ana ulemavu, apate kiti cha magurudumu na posho ya kumsaidia anayemuuguza, haitoshi aonekane. Lazima apeleke karatasi: muhtasari, picha, barua ya mtaalamu wa viungo, na fomu ya tathmini iliyojazwa na jopo, yaani madaktari watatu wanaokaa pamoja kumkagua. Jopo letu lilikaa mara moja kwa mwezi.

Hapo ndipo hasira yangu ilipoanza, na mpaka leo haijapoa. Ati mtu ambaye miguu imemkataa ndiye anayetumwa huku na huku kuliko wote! Njoo Jumatatu. Mhuri huu umefifia, rudi Malindi ukapigiwe mwengine. Daktari wa mifupa ameenda semina. Nimeona mama amembeba mgongoni mtoto wa miaka kumi na miwili, anaambiwa kaunta si hii. Mkuu wangu, Afisa wa Ustawi, alikuwa mtu mpole, na alizoea kuniambia nisipandishe shinikizo la damu kwa mambo ya serikali. Nilikuwa namjibu kuwa shinikizo langu halina haja ya ngazi.

Miaka yangu ya mwisho kazini aliletwa kwangu Mzee Karisa, mgema kutoka bara ya Sabaki. Alikuwa amegema tembo maisha yake yote, na asubuhi moja alianguka kutoka juu ya mnazi na mgongo ukavunjika. Tangu hapo miguu haina hisia, mkojo unatoka kwa mpira unaovuja, na hawezi kukaa bila kushikwa. Mke wake alikuwa amekwisha fariki. Aliyemtunza ni binti yake, Dama, aliyeacha chuo cha ualimu mwaka wa pili. Mkuu wa chuo alikuwa amemwekea nafasi mpaka mwezi wa kwanza, baada ya hapo basi. Kama baba yake angetambuliwa, ile posho ingemwezesha shangazi mtu kuacha vibarua vyake aje akae na kaka yake, na Dama arudi darasani. Asipotambuliwa, msichana yule angezeekea kwenye beseni la kufulia mashuka.

Jalada la mzee lilikuwa Malindi, alikolazwa alipoanguka. Nilikwenda mwenyewe, na nililipata siku hiyohiyo, maana rafu zile nilizipanga mimi. Muhtasari upo, picha ipo, mfupa uliovunjika hata asiye daktari angeuona. Nikarudi Kilifi nimejaa furaha. Nikawaambia Dama na baba yake, hii imekwisha, imebaki jopo tu. Na nikaongeza neno ambalo nalijutia hadi leo. Nikamwambia, "Mzee, ukiingia pale, uwasalimu madaktari vizuri."

Siku ya jopo, Dama alimwogesha baba yake alfajiri. Alimvalisha shati jeupe lililopigwa pasi na kikoi kipya, akampaka mafuta, akamtia manukato kidogo ili harufu ya mpira isisikike. Hivyo ndivyo tulivyolelewa pwani hii, awe Mgiriama au Mswahili: mtu hatoki mbele za watu kama ametupwa. Majirani wawili walimbeba mpaka ndani na kumkalisha kwenye kiti, Dama akasimama nyuma yake, mkono mgongoni.

Kati ya wale watatu, mwenye kushika kalamu alikuwa daktari kijana kutoka bara, mtu wa adabu zake, simsingizii. Akasema shikamoo. Mzee akaitikia marahaba.

"Hujambo, mzee?"

"Sijambo, mwanangu."

"Habari za mgongo?"

"Mzuri tu."

"Na miguu?"

"Haijambo, twashukuru Mungu."

Akamwuliza kama analala, akasema analala. Kama anakula, anakula. Wale wawili wengine walikuwa wanapekua fomu za mtu aliyefuata. Dama alikuwa ameinamisha kichwa, maana binti gani atamkatiza baba yake mbele ya wageni aanze kutaja mambo ya mkojo? Nami, niliyekuwa nimekaa pembeni na jalada langu mapajani, wallahi nilikuwa natabasamu. Nilikuwa nasema moyoni, mzee huyu ana ustaarabu.

Baada ya wiki tano barua ikaja kupitia kwa chifu. Ombi limekataliwa. Nikaomba nakala ya fomu, nikasoma kwa macho yangu: mgonjwa ni msafi, ametulia, anaeleza kwamba hana tatizo la mgongo wala la miguu, analala vizuri. Niliisoma mara mbili nimesimama, kisha nikakaa. Halafu nikainuka nikaenda kwa Mganga Mkuu bila kuomba miadi.

Mganga Mkuu alikuwa mtu wa methali. Akanisikiliza, akavua miwani, akasema, "Bi Zuhura, mficha uchi hazai. Daktari ameandika alichoambiwa."

"Daktari ameandika salamu," nikamwambia. "Mtu kasalimiwa kaitikia, nyinyi mmeita ushahidi. Wewe hapo mtu akikuuliza hujambo wamwambiaje?"

Alikuwa na ugonjwa wa sukari miaka mingi, na kila asubuhi alikuwa akituambia hajambo. Akasema nikate rufaa, yaani niombe shauri liangaliwe upya, lakini nilete ushahidi mpya. Ati mpya! Kana kwamba mgongo ungevunjika pengine.

Haya, tukaanza tena. Mtaalamu wa viungo alimpima upya na kuandika ni wapi hisia zinapokomea. Mhudumu wa afya wa kijijini aliandika vile vidonda vya kulalia alivyokuwa akivisafisha. Dama nilimpa daftari la shule, nikamwambia aandike siku nzima bila kuipamba: saa ngapi anamgeuza, mara ngapi anabadilisha shuka, nani anamwinua. Aliandika siku kumi na nne kwa mwandiko wa mwalimu. Sijapata kusoma kitu kilichonichoma vile, na mwenyewe hakuandika hata mahali pamoja kwamba amechoka.

Kazi kubwa ilikuwa mzee. Nilimfuata kwao, nikamwambia safari hii asiseme mzuri tu. Alinitazama kama nimemtukana. Akaniambia kuwa yeye alipanda minazi ambayo vijana wa leo huiogopa kuitazama, na hataenda mji wa watu kutangaza kwamba analowesha kitanda. Nikamweleza habari ya chuo, na mwezi wa kwanza. Nilipoaga, akaniambia tu niende salama.

Jopo la pili lilikuwa lilelile, kijana yuleyule na kalamu yake. Safari hii nilisema kabla hawajaanza, nikaomba daftari lisomwe. Akalifungua, akasoma kurasa kadhaa, uso ukabadilika. Lakini akasema, kwa sauti ya upole, kwamba haya ni maneno ya binti, na utaratibu unataka kumsikia mgonjwa mwenyewe. Utaratibu! Mfupa uko kwenye picha, vidonda viko kwenye barua, na utaratibu bado una njaa.

Mzee Karisa akasema, bila kugeuka, "Dama, toka nje kidogo."

Dama akasita. Mzee akarudia. Ni baba yake, kamwambia toka. Akauondoa mkono mgongoni.

Mzee akaanza kwenda upande. Polepole, shati jeupe na kikoi na manukato yake, akawa anainama kuelekea sakafuni, na mikono inatafuta kiti haikipati. Dama akamrukia akamdaka. Kwa hiyo hata hicho alichokitaka, kusema bila mwanawe kusikia, hakukipata. Akasema akiwa ameegemea tumbo la binti yake, macho ameyafumba.

"Nakojoa kama mtoto mchanga. Mwanangu ndiye anayenifua. Andika."

Daktari aliweka kalamu chini kwanza. Alisema, "Nisamehe, mzee." Ndipo akaandika.

Walimkubali. Kiti cha magurudumu kilikuja, shangazi akahamia, na Dama akarudi chuoni wiki moja kabla nafasi haijafungwa. Watu walinipongeza. Siku ya kustaafu kwangu Afisa wa Ustawi alisoma hotuba, akaitaja kesi hiyo kuwa ushindi wa idara, nikapewa saa ya ukutani na leso. Nilipiga makofi na wenzangu, lakini ningependa kuwauliza ushindi wa nani, ikiwa mzee wa watu ilibidi avuliwe stara mbele ya mtoto wake ndipo karatasi zake ziaminiwe.

Nyinyi mnaoingia kazi hii leo, nasikia fomu sasa inajazwa kwenye simu. Vyema. Lakini msianze kuandika mpaka salamu ziishe. Mwulizeni mtu nani aliyemwinua asubuhi, kanywa chai kwa mkono wa nani, mnazi wake sasa unagemwa na nani. Atawajibu bila kujivua nguo.

Mwaka jana nilikwenda kumtazama. Alikuwa barazani kwake, ndani ya kile kiti, shati limepigwa pasi kama kawaida. Dama alikuwa anafundisha shule ya jirani. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia. Nikamwuliza, "Hujambo, mzee?"

Zamani angejibu kabla sijamaliza. Safari hii aliniangalia mikono kwanza, wa kulia, kisha wa kushoto, kama nimeshika kalamu. Alipoona ni mitupu, akasema, "Sijambo."