Hema Lisilovuja

Mtu akiniambia niliota, namwuliza: nani anaota saa nane mchana, kashika ndoo mkononi? Niliyaona kwa macho yangu haya, na tulichopoteza tunakijua mimi na mke wangu.

Miaka ile ya wakimbizi nilikuwa kibarua kambini, huku kwetu Ngara. Kazi yetu ilikuwa kusimamisha mahema, na kuyakunja watu wakihama. Mwenzangu Leonsi, mkimbizi kutoka Burundi, alikuwa na tabia moja iliyonichekesha. Kabla ya kung'oa vigingi alisimama mlangoni akaita ndani ya hema tupu: "Tokeni, tunahama!" Nilimtania sana. Nikamwambia ipo siku watamwitikia.

Basi, masika yakaiangusha nyumba yangu kule Bukiriro. Mke wangu alikuwa na kichanga cha siku tisa, wakilala jikoni kwa jirani, kwenye moshi. Msimamizi akaniruhusu nichukue hema moja kati ya yaliyoachwa. Nikachagua kwa makini, maana kule mlimani upepo hauna huruma. La kwanza mishono ilikuwa imeoza. La pili turubai lake jepesi. La tatu, niamini, lilikuwa hema hasa: turubai la tabaka mbili, nguzo za chuma, sakafu imeshonewa ukutani. Nikalimwagia ndoo ya maji juu, nikaingia, nikafunga mlango nitazame kama linavuja.

Pembeni alikuwa amekaa mwanamke, mtoto yuko mgongoni, kafunikwa kitenge.

"Samahani mama, sikujua kuna mtu."

"Maji yanaingia?" akauliza.

"Hata tone."

"Na upepo?"

"Hauingii."

"Ndiyo maana hatukutoka," akasema.

Nikafungua mlango nipate mwanga. Hakuna mtu. Leonsi alikuwa amesimama nje, kwenye mlango huohuo mmoja, akaniuliza naongea na nani. Nilipomweleza alibadilika uso.

"Hilo uite kwanza, ndugu yangu. Sisi tunaitaga. Watoke, ndiyo ukunje."

Niliogopa, sikatai. Lakini wingu zito lilikuwa linakuja kutoka upande wa Rusumo, na niliona aibu kuita mbele ya vibarua ambao kila siku nilikuwa namcheka Leonsi pamoja nao. Nikakunja kimya. Baiskeli iliyobeba mahema mawili jana yake ilishindwa na hilo moja. Tuliisukuma watu watatu hadi Bukiriro.

Tukalisimamisha uani, tukahamia humo. Mvua ilipiga siku tatu, hema halikuvuja. Jioni ya kwanza mke wangu akaniuliza, "Huyu mgeni wako, mbona mtoto wake analia hivi? Hamnyonyeshi?" Siku ya tatu mtoto wetu alinyamaza moja kwa moja. Hakuwa na homa wala kikohozi. Yule mwingine aliendelea kulia. Mwanangu nilimwua kwa aibu yangu, nasema wazi.

Nyumba nilishajenga, lakini hema lingali limesimama uani, halijaoza hata mshono mmoja. Mvua ikinyesha tunasikia watoto wawili. Mara moja nilikwenda mlangoni, nikafungua kinywa niite. Mke wangu akanishika mkono.

"Na wetu," akasema, "ukimtoa ataenda wapi na mvua hii?"

Wewe unayenisikiliza, ukipewa hema, kagua mshono, kagua nguzo. Kisha usione aibu. Ita, usubiri watoke, kabla hujawa na mtu wako humo ndani.