Sauti ya Tangini Haikuwa Yangu

Nimekosa, jamani, na kosa langu nalisema mwenyewe kabla sijapasuka! Kicheko chanijia nikikumbuka, halafu roho yaniuma.

Hapa Jomvu kuna tangi kubwa la saruji, limekauka tangu bomba likatike. Siku moja mimi na shoga yangu Zuhura tulishuka humo kwa ngazi kutafuta baridi. Zuhura akaguna tu, "Mmm..." Lo! Tangi zima likavuma! Akaishikilia sauti ile nzito, bila maneno, bila kupanda wala kushuka, nami nikapachika yangu nyembamba juu yake. Ungedhani mna wanawake arubaini! Mifupa ikatetema, kichwa kikawa chepesi, tukacheka hadi tukakaa chini.

Tukawa twenda kila alasiri. Sijapata furaha kama ile, wallahi.

Basi akapita Bi Rukia, mkuu wa waimbaji wa harusi. Akagonga ukuta.

"Ni nani avumaye humo?"

"Shikamoo, Bi. Ni mimi!"

"Peke yako?"

Sijui shetani gani alinipanda. "Peke yangu!"

Na tangi, halina adabu lile, likarudia: peke yangu, yangu, yangu... Zuhura amesimama kando yangu, asikia yote!

Bi Rukia alipoondoka, Zuhura alipanda ngazi, akachukua ndara zake, akaenda zake.

Baadaye Bi Rukia akanialika kuimba harusini Kisauni. Nikajifunga leso mpya, nikasimama mbele ya wanawake, nikavuta pumzi: "Mmm..." Ikatoka sauti ya mbu! Bibi mmoja akaniuliza kwa huruma, "Mwanangu, tumbo lakuuma?" Ukumbi ukaangua kicheko, hata bi harusi!

Aibu hiyo nimeimeza, siku hizi naicheka mwenyewe. Lakini Zuhura hasemi nami. Nikivuma tangini peke yangu, nasikia kelele tu. Nilikwenda kwao kumwomba radhi.

Akaniambia neno moja tu, "Ulinikana mbele ya watu. Nitaje mbele ya watu."

Haya, watu wote sikieni: sauti ile nzito ni ya Zuhura! Mimi nilidandia tu!

Nanyi wenzangu, msijivike sifa ya mtu. Njia ya mwongo ni fupi. Yangu iliishia Kisauni.

Zuhura, nimekutaja. Mwisho wa mwezi fundi wa bomba yuaja, na tangi litajazwa maji. Ngazi nimeshaiweka.