Mtama wa Mama Misago

Harufu ya makapi ya mkonge haikuwa na mpaka kambini kwetu, nje kidogo ya Kilosa. Ilikuwa chachu, nzito, ikiingia mpaka kwenye mito ya kulalia. Ilikuwa enzi ya Mwingereza, nami nilikuwa msichana mdogo. Kazi ya mkonge ilikuwa imekusanya pale watu wa nchi zote za jirani, na mavuno yalipofika kila nyumba ilishukuru kivyake. Nilizunguka milangoni kama kuku, nikichungulia. Mama yangu, Mkaguru wa Berega, alipeleka mahindi ya kwanza kanisani, akayaweka mbele kimya kimya. Jirani yetu Mama Chisomo, aliyetoka Nyasaland, Malawi ya leo, alicheka: kwao watu huingia kanisani wakicheza, vikapu kichwani. Jirani wa pili, Mama Misago, Mrundi, alisikiliza tu. Alikuwa ameshavuna mtama alioupanda nyuma ya nyumba, lakini wanawe hawakuugusa.

“Mbona hamli?” nilimuuliza.

“Kwetu baba ndiye huonja kwanza, mwanangu. Asipoonja, tutakuwa tumekula tu, hatujashukuru.”

Na Baba Misago alikuwa hospitalini mjini. Mashine ya kusindika mkonge ilikuwa imemkata vidole vya mkono wa kulia, na tangu siku ile chakula alikuwa akikigusa kwa shida. Mama Chisomo akashauri kijana wao mkubwa aonje badala yake.

Mama Misago alisimama ghafla. “Mume wangu hajafa!”

Kisha mama yangu akajifunga khanga vizuri, akasema, “Basi tumpelekee.”

Tulikwenda wote, ugali wa mtama umefungwa kwenye jani la mgomba. Wodini nilimwamkia, “Shikamoo, baba.” Aliitikia marahaba bila kugeuka. Mkewe alipofungua jani, aliutazama ugali, akautazama mkono wake uliofungwa bandeji.

“Nishukuru nini?” aliuliza. “Na kwa mkono upi?”

Mama Misago alimega tonge, akampa binti yao mdogo, naye akalipeleka mdomoni kwa babaye. Baba alifunga mdomo. Mtoto hakuushusha mkono. Mwishowe baba alifungua, akatafuna polepole, machozi yakimtoka, akasema maneno ya Kirundi.

“Amesemaje?” nilinong'ona.

“Amesema mtama umekomaa vizuri. Amesema tule,” Mama Misago alinitafsiria.

Mama Chisomo akapiga magoti, akapiga makofi taratibu, kama wanavyoshukuru kwao. Mama yangu akafumba macho. Mgonjwa wa kitanda cha jirani akasema, “Alhamdulillahi,” akaomba tonge.

Baba Misago alipona, akapewa kazi ya kulinda ghala. Baadaye walirudi Urundi, na hatukupata habari zao tena.

Leo kambi ile ni mashamba ya mahindi. Sikukuu ya mavuno kanisani kwetu ina vipaza sauti na ratiba. Sote tunashukuru kwa namna moja, na tunapendeza. Lakini majirani zangu wa sasa ni wafugaji waliohamia hapa na ng'ombe wao, na mvua ikinyesha vizuri nawasikia wakiimba zizini. Nimewasikia miaka mingi bila kujua wanamwimbia nani. Juzi nilivaa viatu, nikaenda kuuliza.