Alhamisi ya Walio Mbali

Nilipewa China nikiwa bibi arusi wa miezi minne. Usinicheke. Katika nyumba za reli pale Nakuru, mwanzoni mwa miaka ya hamsini, kila mwanamke wa kikundi chetu cha maombi alikuwa na nchi yake ambako Wakristo waliteswa, na aliishika kama alivyoshika zamu yake ya kuteka maji mferejini. Kulikuwa na mwenye Urusi, kulikuwa na mwenye nchi za Waarabu, na mmoja alipewa nusu ya Ulaya kwa sababu alikuwa na sauti kubwa. Mimi nilikuwa mdogo, nimetoka magharibi juzi na sanduku langu la bati, nikapewa China. Mama kiongozi aliniambia ni nchi kubwa kidogo.

Mama kiongozi alikuwa mke wa mnyapara wa njia ya reli, mwanamke mnene mwenye kanuni nyingi kuliko reli yenyewe. Kanuni ya kwanza ilikuwa kwamba Alhamisi ni ya walio mbali, na mambo ya nyumbani hayaguswi. Alikuwa na sababu. Zamani, niliambiwa, Alhamisi ilikuwa wazi kwa kila haja, mpaka mama mmoja akaomba saa nzima juu ya ubaya wa mama mkwe wake, na mama mkwe mwenyewe ameketi palepale akiitikia amina. Tangu siku hiyo mambo ya nyumbani yalihamishiwa Jumanne. Jumanne ilikuwa siku ya kufua, na katika miaka yangu yote pale sikuona mkutano wa Jumanne hata mmoja.

Kanuni ya pili ni kwamba ukiwa na nchi, unaifungia. Alhamisi huli kitu mpaka maombi yaishe saa kumi. Nilijitahidi. Lakini mume wangu, ambaye alikuwa mshika bendera stesheni, alirudi nyumbani kula mchana, na mpishi lazima aonje chumvi. Kuna Alhamisi niliyoonja mara tatu, na mara ya tatu nilionja na ugali. Kisha nikapangusa mdomo, nikaenda kusimama mbele za Mungu kwa ajili ya China.

Na niliwaombea nini? Sikujua lolote juu yao ila kwamba makanisa yao yalifungwa na wachungaji wao wako jela. Nikaomba wapate mvua, mahindi, mafuta ya taa na wakwe wapole. Mama kiongozi alinivuta kando akanieleza kwamba watu wale hula wali. Wiki iliyofuata nikawaombea mchele.

Aliyetushinda sote ni mwenye Urusi. Huyu alikuwa mshonaji, Mkikuyu pekee kati yetu sisi wa magharibi. Alipanga chumba mtaa wa pili, yeye na mtoto wake mdogo, na mumewe alifanya kazi kwenye kiwanda cha mbao kule Elburgon, akija mwisho wa mwezi. Alikuwa mtu wa maneno machache. Lakini zamu yake ikifika, hata watoto wa mgongoni walinyamaza.

“Bwana,” aliomba, “wakumbuke wanaosikiliza nyayo nje. Wakumbuke wanaosalimiwa asubuhi na mtu, na hawajui kama ndiye atakayewajia usiku. Wasaidie wasikubali kwa sababu ya mtoto.”

Tuliitikia amina kwa nguvu. Mama kiongozi alitutazama sisi wengine akasema huyu ndiye anayeijua Urusi, tujifunze kwake. Mimi nilishikwa na wivu. Wivu wa maombi ni mbaya kuliko wivu wa kitambaa, kwa maana huwezi kuukiri kikundini bila watu kuangua kicheko.

Basi Jumatano moja adhuhuri nikabeba gauni langu, ati nataka kubadilishiwa kola, nikaenda kwake kuiba siri ya Urusi. Nilibisha hodi. Akauliza ni nani. Nikajitaja, akauliza tena, kisha nikasikia mbao zikiondolewa, moja, mbili, tatu, na cherehani ikiburutwa. Mlango ulipofunguka niliona ubao wake mmoja umepasuka, na juu yake pamepigiliwa kipande kipya cha mbao.

Nilikuwa na utani mdomoni na sikuutia breki kwa wakati. Nilimuuliza ni kitabu gani kilichomfundisha Urusi namna ile, hata mimi nikakisome niipate China.

“Urusi mimi siijui,” alisema. “Mimi najua huu mlango.”

Zilikuwa siku za hali ya hatari iliyotangazwa na wakoloni. Waliopigania ardhi walilishana kiapo, na Wakristo wengine wa kabila lake walikikataa, na kuna waliouawa kwa kukataa. Serikali nayo ilimshuku kila Mkikuyu, aliyekula kiapo na asiyekula. Haya tuliyajua sote, tuliyanong'ona kila asubuhi kwenye mfereji. Hakuna hata mmoja wetu aliyeyaita mateso ya Wakristo, kwa sababu hayakuwa mbali.

Alinieleza huku akiipima kola yangu. Watu wawili anaowafahamu walikuwa wamemjia mara mbili kumchukua akale kiapo. Aliwaambia aliapa siku moja tu, siku ya ubatizo, na hana kiapo kingine. Walisema watarudi Jumamosi, na safari hii hawatamuuliza. Alikwenda polisi, na askari akamuuliza amewajuaje watu hao, kisha akaandika jina lake yeye, si lao. Nilimuuliza kwa nini hakutuambia. Akasema mambo ya nyumbani ni Jumanne.

Nikamwahidi kwamba kesho nitamtaja kwa Mungu mbele ya wote. Akaacha kupima.

“Ukinitaja, dada, nitaje pamoja na mahali pa kulala.”

Nilirudi nyumbani na maneno hayo. Chumba chetu kilikuwa kimoja. Kumficha mtu wa kabila lake katika nyumba za reli kungeweza kumtoa mume wangu kazini. Nilijiambia hivyo usiku kucha, na ilikuwa kweli, na mume wangu sikumwambia neno.

Alhamisi zamu yangu ilifika nikasimama. Mshonaji alikuwa ameketi mbele yangu na mtoto mapajani. Nikafungua mdomo, nikaombea China. Niliiombea kuliko siku zote, machozi yakinitiririka, na yeye akaitikia amina.

Maombi yalipoisha mama kiongozi alinishika mkono nje, akaniuliza mimi na China tumepatwa na nini. Nikamwambia yote. Nilitarajia anisomee kanuni. Alikaza kanga kiunoni akitazama vumbi jeupe la magadi likiinuka kutoka ziwa lililokauka, na uso wake ulikuwa umezeeka ghafla.

“Basi leo ni Jumanne,” alisema.

Akaenda moja kwa moja mtaa wa pili. Jioni ile mshonaji alikuwa jikoni kwa mama kiongozi, na mtoto wake kwenye godoro la mnyapara. Mtu akiuliza, aliambiwa huyo ni fundi wa kushona mapazia. Mama yule ambaye hakuwahi kuvunja hata kanuni ya saa alidanganya kila siku bila kupepesa macho.

Jumamosi walikuja. Walivunja mlango, wakakuta chumba kitupu. Wiki chache baadaye serikali ilikusanya watu wa kabila lake na kuwarudisha kwao kwa malori, naye akapandishwa pamoja na mtoto wake. Sikupata habari zake tena, na bado huziulizia.

Lakini nasimulia juu ya Jumapili ile, siku moja baada ya mlango kuvunjwa. Mume wangu alisikia habari stesheni, akarudi akaniuliza kama nilijua. Nikasema nilijua tangu Jumatano. Akauliza kwa nini sikumleta kwetu, nikamjibu niliihofia kazi yake.

“Kazi ni yangu,” alisema. “Kwani uliniuliza?”

Nilikuwa nimemwomba Mungu mvua ya China, mchele wa China na wakwe wa China. Mume wangu, aliyelala ubavuni pangu, sikumwomba kitu.